Nashono Thieta ya Kampala: nani aliijenga, na mbona ndogo vile?

MwalimuBombo

Habari zenu wote humu. Mimi nafundisha Kiswahili sekondari huku Bombo, na muhula ujao nataka kuwapeleka watoto wa S.2 (kidato cha pili) Kampala wakaone jukwaa la kweli, maana tumesoma tamthilia darasani mpaka wengine wanadhani tamthilia ni kitabu cha kukariria maswali ya mtihani tu. Nimefikiria Nashono Thieta, ile ya karibu na Bunge. Sasa kila nikianza kuandika maelezo ya kuwapa nakuta kila mtu ana hadithi yake. Mjomba wangu, mtu wa jeshi la zamani, anaapa kabisa kwamba jengo lile alijenga Amin pamoja na yale ya mkutano wa OAU, umoja wa nchi za Afrika. Hedimasta anasema la Waingereza. Mwenzangu wa historia anasema kuna mkurugenzi alichukuliwa mlemle na watu wa Amin hakuonekana tena, ukimwuliza jina hana. Na jirani yangu ananiambia nisijisumbue, wanabomoa wanaweka moli.

Anayejua aniwekee sawa jamani. Lini, nani alijenga, na alimjengea nani? Na mbona dogo hivyo kwa kitu kinachoitwa cha taifa? Nilichungulia ndani juzi nikiwa Kampala, ule ukumbi hata nusu ya shule yetu haienei.

Naomba tusiingize matusi ya siasa, hii ni ya watoto.

kijana_wa_wandegeya

Amin hakujenga hiyo. Ilifunguliwa Desemba 1959, wakati huo yeye bado yuko KAR, jeshi la wakoloni, hata uofisa hajapata, aliupata 1961. Mjomba anachanganya na jumba la mikutano la Nakasero pamoja na Nile Mansions, hayo ndiyo ya mkutano wa OAU wa 1975. Kutoka pale thieta unaenda kwa miguu tu, pengine ndiyo maana yamemkaa kichwani pamoja. Msalimie mjomba 😂

MzeeKatikamu

Mwalimu, umeuliza vizuri, na huyo kijana amejibu sawa kwa upande wa tarehe, lakini hilo swali lako la "alimjengea nani" ndilo lenye nyama, ngoja nikae nalo.

Wazo la kuwa na nyumba ya namna hiyo lilikuja enzi za gavana Andrew Cohen, yuleyule aliyemkamata Kabaka Mutesa mwaka 1953 akampandisha ndege kwenda Uingereza. Mtu anafukuza mfalme wa watu halafu anakaa anapanga watu hao wajengewe nyumba ya utamaduni, serikali za wakoloni zilikuwa na vituko vyake. Cohen akaondoka 1957, kazi ikamalizikia mikononi mwa Crawford. Mwaka 1959 ikapitishwa sheria ya kuunda Uganda National Cultural Centre, na hicho chombo ndicho chenye thieta mpaka leo, pamoja na ile nyumba ya maonyesho ya picha, Nommo Gallery ya Nakasero, iliyokuja 1964. Wachoraji wa ramani walikuwa kampuni ya hapahapa Kampala, Peatfield na Bodgener, ndio haohao walioshughulika na jengo la Bunge, kwa hiyo ukiona nyumba mbili zile zinafanana kwa sura usishangae.

Sasa udogo. Viti havifiki 400. Jiulize mwaka 1959 Kampala nani alikuwa anakwenda kutazama mchezo wa kuigiza usiku katikati ya mji, akavaa suti, akalipa tiketi, na akawa na gari la kumrudisha nyumbani? Walikuwa Wazungu wa ofisi za serikali na walimu wao, halafu Waasia wenye maduka, Wagoa makarani, na wasomi wetu wachache wa Makerere. Vikundi vyao vilikuwa vya watu wa kazi nyingine, mchana hakimu au daktari, jioni anajipaka poda anaigiza. Kwa watu wale viti vile vilitosha na vikabaki. Hakuna aliyefanya hesabu ya watu wa mitaa ya Waafrika, Katwe, Mengo na Kibuye, maana hakuna aliyetegemea kuwaona mle.

Lakini usije ukawaambia watoto kwamba maigizo Uganda yalianza na jengo lile, hapo utakuwa umewadanganya. Wycliffe Kiyingi alikuwa na kikundi chake cha African Artists tangu 1954, wanaigiza kwa Kiganda kwenye maholi ya shule na ya mitaa. Mashule ya misheni nayo yalikuwa na mashindano ya ngoma na michezo. Kwa hiyo nyumba ilipofunguliwa wenye kuigiza walikuwapo tayari, walichokosa ni ufunguo wa mlango. Historia ya pale mimi naisoma hivyo, nani ameshika ufunguo mwaka huu na nani anagonga.

Angalia mlolongo wenyewe. Novemba 1962, mwezi mmoja tu baada ya uhuru, wanafunzi wa Makerere wanapewa jukwaa, wanaonyesha The Black Hermit, ameandika mwanafunzi mwenzao kutoka Kenya, ndiye huyu marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o aliyefariki 2025. Mchezo wake wa kwanza mkubwa ulianzia pale Kampala, si Nairobi, wakati wenzetu Nairobi walikuwa na thieta yao ya taifa tangu 1952. Hilo watoto wako walisikie.

Halafu 1966 anakuja Okot p'Bitek kuwa mkurugenzi, raia wa kwanza wa Uganda kuishika kazi ile, mwaka uleule aliotoa Song of Lawino. Mtu ameandika kitabu kizima mke anamkejeli mumewe anayecheza dansi za kizungu, kisha anapewa nyumba iliyojaa hizo dansi za kizungu! Alileta ngoma na nyimbo za mikoani, akataka mwenye larakaraka, ngoma ya Waacholi, na mwenye bakisimba, ngoma ya Waganda, wapande palepale alipokuwa anapanda Mwingereza na mchezo wake wa sebuleni. Hakudumu. Akiwa safarini Zambia alisema maneno serikali ya Obote haikuyapenda, kazi ikaisha, akaishia Kenya miaka mingi.

Na wewe kama mwalimu wa Kiswahili kuna moja hii lazima ulipate. 1965 Makerere walianzisha thieta ya kutembea, bure kabisa, chini ya mwalimu wao David Cook. Wanafunzi wanapanda gari na vifaa vyao, wanazunguka Uganda wanavuka mpaka Kenya, wanaigiza kwenye viwanja vya shule na masoko, na Kiswahili kilikuwamo katika lugha walizoigiza. Hao walishajua kwamba viti chini ya 400 katikati ya Kampala haviwezi kuwa thieta ya nchi nzima.

Ya Amin wataeleza wengine, vidole vimechoka.

fundi_wa_taa

Mzee hapo juu ameongea kisomi, mimi niongee kwa mikono, nimefanya taa na sauti kwa vikundi kadhaa mle ndani.

Mwalimu, kabla ya kuingia wasimamishe watoto nje kwanza wautazame ule ukuta wa mbele. Ile zege yenye matundu matundu hawakuweka kwa urembo tu. Zamani hakuna eisi, unajenga vipi nyumba isiwe tanuri saa nane mchana? Unatanguliza ukuta wa matundu, jua linakatwa, upepo unapita. Majengo mengi ya Kampala ya miaka ile yana akili hiyo, yale ya Makerere pia, sisi siku hizi tunabandika vioo kila mahali halafu tunalia bili ya umeme. Waambie waguse, waone unene wake.

Ndani sasa. Watu wanasema dogo dogo, mimi nasema dogo limepimwa. Viti vinashuka kwa mteremko kwenda kwenye steji, kwa hiyo hata mtu wa safu ya mwisho hazibwi na gomesi (gauni la mabega yaliyoinuka) ya mama wa mbele yake. Mwigizaji aliyefundishwa vizuri akisimama katikati na kusema bila maiki anasikika mpaka nyuma, sisemi kupiga kelele, nasema kusema. Jaribu hiyo kwenye holi la hoteli uone, sauti inagonga dari inarudi mara mbili, kila mtu anavaa kamaiki shavuni kama mhubiri.

Shida yake ni umri. Vyombo vya pale vimepitia mikono mingi mno. Kuna onyesho moja nilifanya na kikundi fulani, kati ya sehemu ya pili umeme ukaenda, jenereta ikakohoa ikakataa, giza kabisa, na mchezo uko pale pa moto mama anamlaani mtoto wake. Yule mama hakunyamaza. Aliendelea na laana yake gizani neno kwa neno, watu kimya, mmoja akawasha tochi ya simu akammulika usoni, wa pili, wa tatu, mpaka safu nzima za mbele wakawa ndio taa. Umeme uliporudi mimi nikaacha spoti zimezimwa mpaka amalize. Ukumbi wa watu elfu tatu huwezi kupata kitu hicho.

Uliza kama watawapitisha nyuma ya pazia. Watoto wanapenda kuona kamba, vyumba vya kuvalia, mlango anaotokea mfalme ukiwa ni ubao tu umepakwa rangi upande mmoja.

NakatoWaMengo

Huyo mkurugenzi anayetafutwa jina ni Byron Kawadwa. Inaniuma kwamba mwalimu wa historia hana jina lake, lakini silaumu, vitabu vya shule vyenyewe vinampita tu.

Kawadwa alianzisha Kampala City Players miaka ya 60, na ndiye alikuwa mkurugenzi wa sanaa pale thieta enzi za Amin. Mchezo wake mkubwa ni Oluyimba lwa Wankoko, wimbo wa bwana jogoo, wa kuimba, muziki ametunga Wassanyi Serukenya. Uko kwa Kiganda. Jogoo, ufalme, watu kugombania kukaa juu, mtu mzima akiutazama anacheka huku anageuka kuona nani kakaa nyuma yake. Mwanzoni mwa 1977 Uganda ilipeleka mchezo huo Lagos kwenye tamasha kubwa la sanaa za watu weusi, FESTAC. Sasa fikiria wakati wenyewe. Februari hiyohiyo Askofu Mkuu Janani Luwum ameuawa Kampala. Hawa wametoka Lagos, wamerudi nyumbani, na Kawadwa akachukuliwa na watu wa State Research, polisi wa siri wa Amin, akauawa. Si yeye tu, kuna wengine wa upande wa utamaduni walikwenda naye.

Mama yangu alikuwa anashonea vikundi nguo za maigizo wakati ule. Anasema baada ya hapo ukipeleka nguo thieta unaacha mlangoni unaondoka, hakuna kukaa kupiga stori. Lakini maigizo hayakukoma, hilo ndilo linalonishangaza mpaka leo. Watu walijifunza kuongea kwa mafumbo, mchezo unaonekana wa ndoa na mahari kumbe ni wa Ikulu. Na saa zilibadilika. Usiku ulikuwa wa bunduki, Amin alipoondoka 1979 ndiyo kabisa, kila jioni unasikia milio, kwa hiyo michezo ikawa inaanza mchana mapema ili watu wafike nyumbani na jua bado lipo. Mama anasema mtu alikuwa anatoka thieta anakimbilia teksi kama katoka benki. Na bado walikuwa wanakuja, Jumamosi na Jumapili, na watoto mgongoni.

Kwa hiyo mwalimu, ukifika na watoto pale ndani simama utaje jina lake kamili. Byron Kawadwa.

Inj_Kololo

Samahani wazee wangu naheshimu historia zote hizo, lakini tuseme ukweli, jengo la 1959, viti havifiki mia nne, paking hakuna, mji una watu zaidi ya milioni, hiyo ni thieta ya taifa gani? Lile eneo ni la pesa nyingi sana, karibu na Bunge. Wakipiga ghorofa, chini wakaweka ukumbi wa watu 2,000 wa kisasa, juu ofisi na maduka yanalipa gharama, wasanii si ndio watafaidi? Kila kitu cha zamani mnataka kukumbatia. Dubai hawajengi hivyo.

nyuma_ya_pazia

Injinia mpendwa, habari za ghorofa na ukumbi chini tulishazisikia sana, mimi nilikuwapo kati ya wale walioshika mabango katikati ya miaka ya 2010 mpango wa kulijenga upya lile eneo ulipotoka. Hebu nikuulize wewe mwenye hesabu, ukumbi wa 2,000 kukodi jioni moja itakuwa bei gani? Kikundi changu kina watu kumi na wanne. Hata huo wa sasa tunakodi kwa kuchangishana na kuuza tiketi kwa shangazi zetu. Kuna vikundi vimeshindwa vikahamia bustani za baa. Ukinijengea wa 2,000 umenijengea wa mapromota wa muziki na wa harusi, mimi na mchezo wangu wa watu watano tutauangalia kwa nje na tiketi yake hatuna.

Halafu unasema wasanii watafaidi kwenye maduka ya juu. Pale nyuma ya thieta kuna kijiji cha kazi za mikono, mama zetu wanauza vikapu, ngoma, vitu vya lubugo (kitambaa cha gome la mti), wamesomesha watoto kwa meza zile. Ghorofa likisimama hao wanarudi duka namba ngapi, na kodi ya dola?

Na tazama nini kilitokea kwa nyumba nyingine za mji huu. Norman Cinema, aliyoijenga yule tajiri Mgoa Norman Godinho (Buganda Road Primary nayo zamani ilikuwa na jina lake), Waasia walipofukuzwa 1972 biashara za sinema zikayumba, na tangu miaka ya 80 ile nyumba ni kanisa, ndiyo Watoto ya leo. Sina ugomvi na kanisa, limeitunza kuliko serikali ingeitunza. Lakini wenyewe walipotaka kuibomoa wajenge kubwa zaidi, miaka michache nyuma, mji mzima ndipo ukaamka eti kumbe tulikuwa tunaipenda. Kumbi za maigizo, La Bonita ya kikundi cha Ebonies, Bat Valley ya kikundi cha Bakayimbira, zamani foleni ilikuwa inafika barabarani, mtu anakuja na familia nzima Jumapili. Sasa hivi video na simu vimekula foleni zote hizo. Nashono imebaki kwa kuwa ina sheria ya 1959 nyuma yake. Ingekuwa ya mtu binafsi ingeshauzwa wakati wa Amin au wakati wa hawa, mara mbili.

Udogo unaoudharau ndio umezaa vitu, injinia. Miaka ya 2000 Alhamisi jioni vijana wa Theatre Factory walikuwa wanafanya vichekesho pale, baadaye wakagawanyika wengine wakawa Fun Factory, na nusu ya wachekeshaji unaowaona kwenye TV leo walinyolewa na ukumbi ule. Unasimama, hadithi yako haichekeshi, watu wako hapa miguuni mwako, unawaona wasivyocheka mmoja mmoja. Watu wa Bayimba walianza tamasha lao la sanaa pale 2008. Kampala International Theatre Festival ilipoanza 2014 walikuja palepale, waigizaji wa Tanzania, Kenya, Rwanda, Ethiopia tukajazana vyumba vya kuvalia vilevile mtu anakuvalia kofia yako. Elfu mbili utaijaza na nini?

Inj_Kololo

Sawa dada, lakini hujajibu paking.

nyuma_ya_pazia

Panda boda.

kijana_wa_wandegeya

😂😂😂 injinia amezidiwa

MzeeKatikamu

Injinia ana haki ya kusema, msimfungie mdomo. Na ana hoja moja, ukumbi mkubwa wa umma Kampala haupo, tunategemea hoteli na viwanja vya mpira. Ujengwe basi, ardhi ipo Namboole, ipo Kireka. Kwa nini lazima ujengwe juu ya kitu kingine? Katika nchi hii ukisikia "tunabomoa ili tujenge vizuri zaidi" sehemu ya kwanza ya sentensi huwa inatimia haraka sana.

Nakato, umenikumbusha ile ya kuanza mchana. Sisi tulikuwa tunatoka Wobulenzi asubuhi na basi, tunatazama, tunarudi kabla vizuizi vya barabarani havijawa vikali. Askari kizuizini anakuuliza unatoka wapi, ukisema thieta anakuuliza mchezo ulihusu nini. Ndugu yangu hapo ulikuwa unaueleza kwa makini sana.

NakatoWaMengo

Hahaha mzee, na unaeleza sehemu ya mahari tu!

fundi_wa_taa

Kwa paking, kwa faida ya injinia, jioni ofisi za maeneo yale zikifungwa unaegesha tu barabarani, kuna vijana wanaangalia. Na mwaka 1959 waliopaki pale walikuwa wachache kuliko boda zinazosimama mlangoni leo.

Kitu kimoja niongeze juu ya kukarabati, maana watu wanadhani ni kubomoa au kuacha lioze, hakuna katikati. Jengo kama lile halihitaji kufufuliwa upya, linahitaji waya za umeme zote zibadilishwe, dima mpya (za kuongeza na kupunguza mwanga), taa za LED ambazo zinakula umeme kidogo na hazimchemshi mwigizaji, vyoo, paa likaguliwe kila mwaka kabla ya mvua, na njia ya kigari cha mlemavu. Basi. Hizo si pesa za ghorofa. Shida ya matengenezo ni kwamba hayana sherehe ya kukata utepe, hakuna mkubwa anayekuja kupigwa picha na waya iliyobadilishwa.

MwalimuBombo

Jamani sijui nianzie wapi. Nilikuja na swali la mistari miwili, nimeondoka na vipindi vitatu vya darasa. Mjomba nimemsomea, amenyamaza kidogo halafu akasema "lakini Amin ndiye aliyeilinda." Nimemwachia hapo, chakula kilikuwa mezani.

Mzee Katikamu, hiyo thieta ya kutembea ya Makerere naiweka mbele kabisa, maana watoto wangu wengi ni wa familia za Kinubi, wanasikia Kiswahili nyumbani tangu wadogo, halafu shuleni wanaambiwa ni somo jipya serikali imelileta juzi. Wakisikia mwaka 1965 watu walikuwa wanazunguka nchi wanaigiza kwa Kiswahili viwanja vya wazi, kitawakaa. Dada Nakato, jina nitalitaja, na nitamwomba mtoto mmoja aliandike ubaoni kabla hatujaondoka shuleni.

Sasa ya vitendo. Watoto ni 58 na walimu wanne. Kuna mtu alinishauri niwapeleke jioni ya vichekesho ndiyo wafurahi. Mnasemaje?

nyuma_ya_pazia

Wapeleke jioni ya vichekesho kisha Jumatatu wazazi wakupeleke wewe kwa hedimasta. Mwalimu usithubutu 😅 Zile hadithi mimi mwenyewe na umri wangu kuna mahali nageuza uso.

Fanya hivi, nenda ofisini kwao mwenyewe ana kwa ana na barua ya shule yenye muhuri, usipige simu tu. Omba asubuhi ya siku ya kazi ambapo steji haina mazoezi, omba watembezwe mbele na nyuma. Halafu kuna vikundi huwa vinaigiza vitabu vya mtaala wa shule, mchana, kwa bei ya wanafunzi, uliza ratiba ya muhula. Vingi ni vya Kiingereza, cha Kiswahili kikikosekana waombe wakupe hata nusu saa ya steji tupu, watoto wako wapande waigize onyesho moja la kitabu wanachosoma. Nimeona shule ikifanya. Chagua onyesho lenye watu wengi ili kila mmoja akanyage zile mbao.

fundi_wa_taa

Nikiwa mjini siku hiyo nitawawashia spoti moja bure. Lakini mwambie mtoto atakayesimama mbele asiiangalie taa, aangalie viti. Kila mgeni anakosea hapo, anapofuka, anasahau maneno yote.

Inj_Kololo

Mwalimu basi la watu 62 utalisimamisha wapi?

MwalimuBombo

Injinia, tutashuka Bunge tutembee.